Habari ikishatumwa, nani anaweza kuifuta?

SHASHA, Masisi – Karatasi zilikuwa nane, zilichapishwa Goma na kuletwa kwa pikipiki. Vijana watatu walizisoma ndani ya kibanda cha kuchaji simu, kandokando ya barabara ya Sake na Minova. Wote watatu wanaandika habari za vijiji kwa simu zao: nani amefiwa, soko gani limefunguliwa, barabara gani inapitika. Wasomaji wao wengi ni watu wa Masisi na Walikale waliotawanywa na vita, ambao hawana njia nyingine ya kujua kama nyumba yao ingali imesimama.

Barua ilitoka kwa kampuni moja ya mtandao, na jina lake haliwekwi hapa. Inatafuta washirika. Kila mshirika atume habari tatu kwa juma pamoja na picha, kampuni iweke matangazo ya biashara juu yake, kisha pesa igawanywe. Kwa kijana anayenunua mega kwa pesa ya kuuza ndizi, hilo si jambo la kucheka.

“Yaya, hata wakitupa dola kumi tu, hizo ni mega za mwezi mzima,” mdogo wao alimwambia dada aliye mkubwa kati yao.

Dada hakujibu. Alikuwa amesimama kwenye ukurasa wa sita, kwenye sentensi moja ya Kifaransa iliyojaza nusu ya karatasi. Aliisoma mara tatu, kisha akawaelezea wenzake kwa Kiswahili: mwandishi anaiachia kampuni haki zote za maandishi na picha, dunia nzima, milele, bila uwezo wa kuzirudisha. Kampuni inaweza kubadilisha, kutafsiri na kuuza. Mwandishi mwenyewe haruhusiwi tena kuweka habari ile mahali pengine, hata kuisoma redioni.

Mzee mwenye kibanda alikuwa anasikiliza huku akipanga waya zake. Akauliza, “Mwanangu, hilo shamba mnalikodisha ao mnaliuza?”

Swali hilo linaeleweka haraka Masisi. Mtu akikodisha shamba kwa msimu mmoja, mwenzake atavuna viazi vyake, na shamba litarudi. Akiuza, amekwisha kuuza, hata watoto wake hawatalima pale. Na ugomvi mwingi wa mashamba umetokea pale ambapo mmoja alifikiri anakodisha, kumbe karatasi inasema kingine.

Mitandao mingi mikubwa inakodi, hainunui. Masharti ya Facebook yanasema wazi kwamba aliyeandika anabaki mwenye mali. Anaupa mtandao ruhusa ya kutumia maandishi yake bila malipo, dunia nzima, na hata kuwapa wengine ruhusa hiyo. Ni ruhusa pana sana, lakini si ya pekee, yaani mwandishi anaweza kupeleka habari ileile kwingine. Na akiifuta, ruhusa inakwisha pale inapotoka kwenye mitambo yao. YouTube nayo humwachia mtengeneza video mali yake. Akikubaliwa kuwa mshirika, hupata 55 kwa kila 100 ya pesa ya matangazo kwenye video za kawaida. Lakini ili afike huko anahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwandishi wa kijiji kimoja atazitoa wapi?

Sheria ya Kongo ya haki za watunzi, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ipo, na Kongo imo pia katika Mkataba wa Berne. Kwa mkataba huo haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kujiandikisha popote. Lakini habari yenyewe haina mwenyewe. Kwamba vita vilifika Shasha mwezi wa pili 2024 na barabara ya Minova ikakatika, hilo ni la kila mtu. Chenye mwenyewe ni namna mtu alivyolisimulia, na picha aliyoipiga.

Picha, ndiyo. Mwanzoni mwa 2010 tetemeko la ardhi lilivunja mji wa Port-au-Prince, kule Haiti. Mpiga picha Daniel Morel, mzaliwa wa nchi ile, aliziweka picha zake mtandaoni kupitia Twitter siku ileile. Shirika la habari la AFP likazisambaza, na Getty Images nao wakazipitisha kwa wateja wao, bila ruhusa yake. AFP ilijitetea kwamba masharti ya Twitter yalitosha kuwa ruhusa. Mahakama ya New York ilikataa hoja hiyo Januari 2013, na Novemba mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola milioni 1.2. Morel alishinda kwa sababu hakuwa ameuza. Kama angekuwa ametia sahihi kwenye ukurasa wa sita kama ule wa Shasha, angeenda mahakamani na nini?

Pesa haikuwa ndiyo iliyomsumbua dada zaidi. Wakati wa makimbilio ya 2024 aliandika orodha ya familia zilizofika salama, na vijiji zilikotoka, ili ndugu watafutane. Orodha ile ilisaidia. Kuna mama aliyempata mtoto wake kwa njia hiyo. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikachukuliwa na M23, mabenki yakafunga milango, kambi za kandokando ya mji zikavunjwa, watu wakatawanyika tena. Jina lililokuwa msaada jana likaweza kuwa hatari kwa mwenye jina. Watu walianza kumpigia simu usiku: “Dada, toa jina langu.” Akakesha akifuta, moja baada ya jingine, kwa simu yenye moto kidogo kwenye betri. Aliweza kwa sababu ukurasa ulikuwa wake.

Kwa hiyo hata ule mpango wa wema, wa kutoa maandishi bure, anautazama kwa makini. Global Voices, ambao wana toleo la Kiswahili, huchapisha kwa ruhusa ya wazi iitwayo Creative Commons: yeyote anaweza kutafsiri na kuchapisha tena mradi amtaje mwandishi. Ni mpango wa heshima, na habari ya Masisi inaweza kufika mbali kwa njia hiyo. Lakini ruhusa ya namna ile, ukiisha kuitoa, hairudi kwa aliyekwisha kuipokea. Inafaa kwa habari ya bei ya maharagwe. Kwa orodha ya wakimbizi, hapana.

Jioni walichukua kalamu. Kwenye ukurasa wa sita walikata “haki zote” na neno “milele”, wakaandika kwamba kampuni inapewa ruhusa ya mwaka mmoja, isiyo ya pekee, na kwamba mwandishi akiomba habari au picha iondolewe kwa ajili ya usalama wa mtu, iondolewe siku ileile. Wakaongeza kuwa malipo yapite kwenye simu, si benki. Walipiga picha ukurasa huo na kuutuma.

Jibu halijafika. Mdogo amesema wasipojibu mpaka mwisho wa mwezi yeye atatia sahihi peke yake, maana mke wake anakaribia kujifungua, lakini atawapa habari za mpira tu. Dada alimwambia arudi kwanza asome ukurasa wa saba.