Geti la Ziwani na Bei ya Ujirani

Tangu Januari familia yetu imekuwa na swali moja mezani: je, tuhamie katika makazi mapya yenye uzio na geti moja, yanayojengwa ufukoni mwa Ziwa Victoria, kusini mwa Jiji la Mwanza? Naliandika hapa kwa sababu swali hili limevuka mipaka ya familia yetu. Wahadhiri wenzangu wanalijadili, watumishi wa umma wenye mikopo ya benki wanalijadili, na baadhi ya vijana niliowafundisha miaka kumi iliyopita wamekwisha kulijibu kwa kusaini mkataba. Jumla ya majibu yetu ndiyo itakayoamua Mwanza iwe mji wa namna gani watoto wetu watakapokuwa na umri wetu.

Haki inadai nianze na yanayovutia, maana ni mengi.

Mwanza ni mji wa mawe. Wasioijua hupiga picha jiwe la Bismarck na kuondoka. Sisi wenyeji tunaishi juu ya mawe hayo. Mtaa wetu umepanda mlima bila kumwomba mpimaji ruhusa. Hakuna gari linalofika mlangoni, na mgonjwa hushushwa kwa machela au mgongoni mwa jirani. Jiji liko ukingoni mwa ziwa la takriban kilomita za mraba 68,000, nasi bado tunahesabu ndoo pale maji yanaposhindwa kuupanda mlima. Mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo vya juu huteremka kwa majirani wa chini, kisha hushuka ziwani, tunakochota maji ya kunywa.

Kule ziwani mambo ni mengine. Kiwanja kimepimwa na kina hati. Kuna mtambo wa kusafisha majitaka, barabara ya lami, taa za njiani, na jenereta inayowaka kabla hujamaliza kulalamikia umeme. Hakuna baa inayopiga muziki hadi alfajiri wala kipaza sauti cha mkesha kilichoelekezwa dirishani mwako. Katika usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa hutanda juu ya maji kama mji wa pili. Mtu ambaye kazi yake ni kusoma na kuandika hawezi kudai kwamba utulivu huo haumgusi.

Hoja nzito kuliko zote, hata hivyo, ni ya mke wangu. Yeye ni muuguzi. Zamu yake ya jioni inapokwisha, bodaboda humfikisha mwisho wa barabara, kisha hupanda ngazi za mawe kwa miguu. Mwaka jana vijana wawili walimvizia katika ngazi hizo, wakampora mkoba na kumvunja mkono. Nilipoanza kumweleza wasiwasi wangu kuhusu kuta na matabaka, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Baba, nadharia yako ni nzuri. Lakini wewe unaupanda huu mlima saa kumi na mbili jioni ukisalimiana na watu. Mimi ninaupanda saa sita usiku.” Hoja yoyote dhidi ya geti isiyoweza kumtazama usoni mwanamke huyu haistahili kuandikwa. Kwa hiyo yanayofuata nimeyapima mbele yake.

La kwanza ni fedha. Tozo ya huduma katika makazi hayo ni shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Nyumba zikitimia 60 kama ilivyopangwa, kampuni itakusanya shilingi milioni 144 kila mwaka kwa ajili ya walinzi, taa, taka na maji. Sasa linganisha na kodi ya majengo. Tangu 2021 tunailipa kupitia LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya mtu mwenye bustani ufukoni, ikiwa ni ya chini, hulipa kiasi kilekile kinacholipwa na nyumba ya vyumba viwili mlimani kwetu. Aidha, fedha hizo hukusanywa na Serikali Kuu, si na mtaa wenye giza.

Tazama, ndugu msomaji, maana ya hesabu hiyo. Watu wenye uwezo hatujakataa kulipia usalama na usafi. Tuko tayari kulipa zaidi ya mara mia moja ya tunachoidai serikali itutoze, kwa sharti moja tu: huduma hizo ziishie ukutani. Kila bajeti inapopandisha kodi hiyo kwa shilingi 500 tunapiga kelele. Tozo ya kampuni tunaipokea kwa barua na kuilipa kwa simu. Ninawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa walifikirie jambo hili kabla ya kurudia kwamba nchi haina uwezo wa kuweka taa katika ngazi za mlimani. Uwezo upo. Kinachokosekana ni njia ya kuutoza kwa haki na kuurudisha mahali ulipotozwa.

La pili ni ziwa lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wenzetu wa Uganda, kwa kanuni zao za 2000, wameweka mita 200 kwa ziwa hilihili. Katika ramani niliyoonyeshwa na wauzaji, ukanda huo wa mita 60 umepakwa rangi ya kijani na kuitwa bustani ya wakazi. Hakuna nyumba ndani yake, hilo ni kweli. Lakini uzio unashuka pande zote mbili mpaka majini, na njia iliyokuwa ikipita hapo kwenda mwaloni imezibwa. Akina mama wanaoanika dagaa sasa huzunguka nyuma ya makazi yote na beseni kichwani. Eneo ambalo sheria ililitenga kwa ajili ya ziwa limegeuka kuwa uwanja wa wachache bila tofali hata moja kujengwa. Wanafunzi wangu wa sheria wangeliita hilo ubunifu. Mimi naliita kuchukua cha wote kwa kutumia sheria iliyokusudia kukilinda.

Ziwa nalo lina tabia zake. Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, ndiyo maana misimu michache ya mvua nyingi hutosha kulipandisha. Lilifanya hivyo kuanzia 1961 hadi 1964. Mei 2020 lilifikia kina kilichoipita hata rekodi ya 1964, likameza mialo, mashamba na nyumba za watu katika nchi zote tatu. Anayenunua ufuo ananunua mstari unaosogea. Nilipouliza mkataba unasemaje endapo maji yatapanda, nilijibiwa kwamba kuna bima. Mwenye kibanda cha dagaa hana bima, na ukuta mrefu wa mwenye uwezo huweza kuyasukumia maji kwake.

La tatu ni msiba. Mama yangu ana umri wa miaka 78 na anaishi nasi. Katika kanuni za makazi, kurasa 22 nilizozisoma mara mbili, kuna kifungu kisemacho kwamba mkusanyiko unaozidi watu 30 uombewe kibali kwa maandishi siku saba kabla, na kwamba wageni wawe wameondoka ifikapo saa nne usiku. Nilimuuliza kijana wa mauzo, mpole sana, kifungu hicho kinahusu nini. Akajibu: sherehe za vijana, mzee. Nikamuuliza: na kifo? Alikaa kimya, kisha akaahidi kuuliza ofisini. Sijajibiwa hadi leo.

Kifo hakitoi taarifa ya siku saba. Baba yangu alipofariki, kabla sijamaliza kupiga simu kwa wajomba, turubai lilikuwa limekwisha kufungwa kati ya nyumba yetu na ya jirani, sufuria kubwa zimepandishwa mawe, na kitabu cha rambirambi kiko mikononi mwa mwenyekiti wa mtaa. Kwa usiku tatu watu walilala uwanjani kwetu. Baadhi yao nilikuwa sijawahi kuzungumza nao zaidi ya salamu. Wengi hawakuwa na mchango wa zaidi ya shilingi elfu mbili, lakini walikuwa na mikono ya kuchota maji, kupasua kuni na kulibeba jeneza kuliteremsha mlimani. Huduma hiyo haimo katika orodha ya kampuni, na haiwezi kununuliwa siku unapoihitaji. Hulipiwa kidogokidogo kwa miaka mingi, kwa kwenda kukaa kwenye misiba ya wengine. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na jirani anayesimamishwa getini kuandika jina na namba ya kitambulisho amekwisha kuwa wa mbali.

Mama, tulipomweleza mpango, aliuliza jambo moja tu: “Mwanangu, wenzangu wa jumuiya watanifikiaje?” Sikuwa na jibu la kumridhisha.

La nne ni historia, nayo haijalala. Miji yetu ilizaliwa ikiwa imegawanywa: Uzunguni penye upepo na mandhari, Uhindini penye maduka, Uswahilini kwa waliobaki. Uhuru ulikusudia kuondoa mgawanyo huo. Azimio la Arusha la 1967 lilifika hatua ya kumkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa hofu kwamba mwenye nyumba na mpangaji hawaioni nchi kwa jicho moja. Mwaka 1991, kule Zanzibar, katazo hilo lililegezwa. Sisemi turudi 1967. Uchumi wa wakati ule ulikuwa na ukali wake. Ninachosema ni kwamba hofu ile ilikuwa na mantiki. Afisa anayepanga ratiba ya mgawo wa maji huku kwake kuna kisima cha kampuni, na kamanda anayepanga doria huku kwake kuna geti, si lazima wawe watu wabaya. Wanakosa tu habari ambayo mwili hutoa bure: kiu, na woga wa kupanda ngazi gizani. Teresa Caldeira, mwanaanthropolojia wa Brazili, alionyesha katika kitabu chake cha 2000 kuhusu São Paulo jinsi kuta za wenye uwezo zinavyodhoofisha maisha ya pamoja ya mji na uraia wenyewe.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tulikwisha kupata jibu jingine kwa swali la usalama. Sungusungu walianza katika vijiji vya Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri na dola ikawa mbali. Jeshi hilo la jadi lilikuwa na dhambi zake. Lilihukumu bila mahakama, na wapo waliopigwa na kufukuzwa kwa tuhuma za uchawi. Serikali ilipolitambua kisheria mwaka 1989, ilikuwa imechelewa kuyazuia mengi. Hata hivyo, msingi wake ulikuwa sahihi: usalama wa mmoja ni kazi ya wote, maskini na tajiri. Geti limeupindua msingi huo, kwa kuwa linahamishia mwizi kwa asiye na ukuta.

Baada ya kuyapima haya yote, tumefikia wapi?

Kubaki tulipo lilikuwa jibu rahisi kwangu na jibu la kikatili kwa mke wangu. Mkono uliovunjika hauponywi kwa msimamo wa mumewe. Kuhamia ziwani kungempa usalama, na kungemnyima mama jumuiya yake na sisi sote jirani wa kutubeba. Mwezi uliopita tulikubaliana njia ya tatu. Tumenunua nyumba ndogo, isiyo na mandhari yoyote, katika mtaa uliopimwa chini ya mlima uleule, hatua chache kutoka barabara yenye taa. Ina ukuta wa kiuno na mlango unaotazama njia. Mama bado anafikiwa na wenzake kwa miguu, na mke wangu hushuka kwenye bodaboda mlangoni.

Sijifanyi kwamba tumemaliza hesabu. Tumeweza kushuka mlimani kwa sababu tuna mishahara miwili. Muuguzi mwenzake anayelea watoto peke yake bado anapanda ngazi zilezile saa sita usiku. Kwa ajili yake, wakazi wa mtaa wa zamani na wa mtaa mpya tumepeleka kwenye mkutano wa mtaa maombi mawili, nami nimeyasaini: ulinzi shirikishi urejeshwe kwa zamu zinazojulikana na polisi, na halmashauri iweke taa nane katika ngazi kuu. Ombi la tatu, la kufunguliwa kwa njia ya mwaloni, limepelekwa na akina mama wa dagaa wenyewe, na ni wao wanaostahili kuliongoza.

Taa nane. Nimeulizia bei madukani: gharama yake, pamoja na nguzo, haifikii tozo ya mwezi mmoja ya zile nyumba 60.