Redio ya Gari na Mkono wa Fundi: Kumbukumbu za Dar es Salaam

Katika jiji la Dar es Salaam, uamuzi wa mwenye gari kufunga redio mwenyewe au kumkabidhi fundi haujawahi kutegemea wepesi wa mkono peke yake. Umetegemea pia aina ya magari yaliyokuwapo barabarani, masafa yaliyorushwa hewani na, zaidi ya yote, kiasi ambacho redio ilikuwa imeshikamana na viungo vingine vya gari. Kumbukumbu hizi, ambazo mwandishi wake alikulia katika nyumba yenye gari na baadaye akamiliki magari yake mwenyewe, zinafuatilia jinsi mpaka kati ya kazi ya mwenyewe na kazi ya fundi ulivyosogezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mara ukimpa nafasi mwenye gari, mara ukimrudishia fundi.

Katika miaka hiyo magari ya watu binafsi yalikuwa machache, uagizaji wake ulidhibitiwa kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni, na redio haikuhesabiwa kuwa sehemu ya gari bali nyongeza ya baadaye. Peugeot 504, Land Rover na Datsun nyingi zilikuwa na nafasi tupu katika dashibodi, iliyozibwa kwa kipande cha bati au plastiki mpaka mwenyewe apate uwezo. Matangazo yalikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, yaliyorushwa kwa masafa ya kati na masafa mafupi, na jambo hilo la masafa ndilo lililoamua nani afunge redio. Katika masafa hayo sauti husafirishwa kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, kwa hiyo cheche yoyote ya umeme iliyo karibu hupokewa na redio kana kwamba ni sehemu ya matangazo. Na injini ya petroli huendeshwa kwa cheche, kiasi kwamba injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa cheche 6,000 katika dakika hiyo hiyo.

Ndiyo maana kazi kubwa ya fundi wa wakati ule haikuwa kuunganisha nyaya, ambazo hazikuzidi nne au tano, bali kuua kelele. Alifunga kondensa, yaani kifaa kidogo kinachomeza misukosuko ya umeme, kwenye koili na kwenye altaneta; alikwangua rangi chini ya kitako cha antena mpaka bati likaonekana, ili antena ipate arthi iliyo safi; na pale ilipobidi aliunganisha boneti na bodi kwa mkanda wa shaba. Aidha, alipaswa kujua kwamba baadhi ya magari ya zamani ya Kiingereza yaliunganisha ncha chanya ya betri na bodi, tofauti na magari mengi ya baadaye yanayounganisha ncha hasi, na kwamba redio iliyofungwa kinyume iliungua papo hapo. Baba wa mwandishi, ambaye alisafisha platini na kubadilisha plagi za gari lake bila kumwita mtu, hakugusa redio hata siku moja. Aliipeleka Kariakoo kwa fundi aliyezoea kutengeneza redio za nyumbani, na hakuna aliyeuona uamuzi huo kuwa wa woga, kwa kuwa katika kizazi chake redio ilikuwa elimu nyingine na gari elimu nyingine.

Mabadiliko ya kwanza yalianza katikati ya miaka ya 1980. Tangu 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na miongoni mwa bidhaa hizo yalikuwamo magari na redio za kaseti. Wakati huo huo watengenezaji walikuwa wakikubaliana juu ya vipimo: tundu la redio lenye upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50, ambalo asili yake ni Ujerumani, lilienea duniani, na Wajapani wakalizidisha kimo kufikia milimita 100 ili liweze kubeba redio kubwa zaidi. Rangi za nyaya katika redio za dukani nazo zilikaribia kuwa za aina moja. Waya wa njano ulichukua umeme wa kudumu kwa ajili ya kutunza saa na stesheni zilizohifadhiwa. Mwekundu ulichukua umeme unaokuja funguo inapozungushwa. Mweusi ulikuwa wa arthi. Wa bluu uliamsha antena ya umeme au amplifaya. Na jozi nne za rangi nyeupe, kijivu, kijani na zambarau zilikwenda kwenye spika nne, waya wenye mstari mweusi ukiwa upande wa hasi.

Kwa mara ya kwanza, mtu asiye fundi aliweza kusoma kazi yote kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya redio. Vijana wengi wa rika la mwandishi walijifunzia hapo, wakiwa na bisibisi, koleo na balbu ndogo ya kupimia, na walijifunza pia kwamba mpangilio ulio wazi hauzuii kosa lililo wazi. Kosa lililoenea kuliko yote lilikuwa kuunganisha waya wa njano na mwekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu: redio iliimba vizuri, lakini ikasahauliwa ikiwaka usiku kucha, na asubuhi gari likahitaji kusukumwa. Kosa la pili lilikuwa kuunganisha waya hasi wa spika na bodi, kama ilivyowezekana katika redio za zamani, ilhali redio mpya zilizosukuma spika kwa nyaya zote mbili hazikuvumilia jambo hilo na vikuza sauti vyake vya ndani vikafa.

Mabadiliko ya pili yaliletwa na hewa na bahari kwa pamoja. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua njia kwa vituo binafsi, Radio One ikaanza 1994, na baada ya muda masafa ya FM, ambayo hayasumbuliwi sana na cheche za injini, yakawa ndiyo yanayosikilizwa zaidi mjini. Katika kipindi hicho magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakishushwa bandarini kwa wingi, kila moja likiwa na redio nzuri kutoka kiwandani isiyoweza kupokea sehemu kubwa ya vituo vya hapa. Sababu ni kwamba Japani ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa matangazo ya FM, wakati Afrika Mashariki hutumia megahezi 87.5 hadi 108, hivyo kwenye redio ya Kijapani palibaki kipande chembamba tu cha kukutana.

Suluhisho la bei nafuu lilikuwa kihamisha masafa, kisanduku kidogo kinachochomekwa kati ya antena na redio ili kupunguza namba ya kila wimbi kwa kiasi kisichobadilika. Kwa kisanduku kinachopunguza megahezi 12, kituo kama Capital FM ya Nairobi, inayojulikana kwa namba 98.4, husomeka 86.4 kwenye redio ya Kijapani. Lakini kwa hesabu hiyo hiyo kituo chochote kilicho juu ya 102 hubaki nje, kwa sababu 90 ndiyo kikomo cha redio. Kisanduku hicho kilihitaji kuchomeka antena na kuunganisha waya wa umeme na wa arthi, na mwenye gari mwenye subira aliweza kukifunga mwenyewe. Hata hivyo mafundi wengi walipendelea kushauri redio nzima ibadilishwe, na ushauri huo haukuwa wa tamaa tupu, kwani kisanduku kilifanya vituo viwili vilivyo mbali kuingiliana na kumlazimisha dereva kufanya hesabu ya kutoa kila alipotafuta kituo.

Kutokana na hitaji hilo, biashara ya kufunga redio ilishamiri Kariakoo na Gerezani katika sura ambayo bado ipo. Mnunuzi hakulipia ufundi kando. Bei ya redio ilijumuisha kufungwa kando ya barabara, na fundi alimaliza kazi kabla mwenye gari hajamaliza soda yake. Kwa kuwa kufunga kulionekana kuwa bure, hoja ya kujifungia mwenyewe ilikosa nguvu. Lakini kasi ile ilikuwa na gharama iliyojificha. Magari ya Toyota, kwa mfano, yana plagi mbili za redio kutoka kiwandani, moja yenye pini kumi na nyingine yenye pini sita, na inapatikana plagi ya kuunganishia, yaani kipande cha kati kinachochomekwa bila kukata chochote. Fundi aliyelipwa kwa idadi ya magari alizikata plagi zile, akasokota nyaya na kuzifunga tepu. Katika joto la pwani, ndani ya dashibodi inayopigwa na jua, gundi ya tepu hulainika na kuteleza, nyaya zikabaki wazi na siku moja zikapiga shoti. Mwandishi alilishuhudia hilo katika gari alilonunua kutoka kwa mwenye awali: nyuma ya redio palikuwa na vifundo vya tepu za rangi tatu, dalili kwamba mafundi zaidi ya mmoja walikwishapita, kila mmoja akianzia pale ambapo mwenzake alikata.

Upande mwingine wa kazi, ambao ni ule wa amplifaya na sabufa, ulifuata njia tofauti. Redio nyingi huandikwa wati 50 mara nne, lakini msomaji anaweza kuupima ukweli wa maandishi hayo kwa kutazama fyuzi iliyo nyuma yake. Fyuzi ya ampea 10, kwenye mfumo wenye volti 14.4 wakati injini inawaka, haiwezi kupitisha kwa mfululizo zaidi ya wati 144 kwa redio nzima, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea kuwa joto. Kinachofika kwenye kila spika kwa kudumu ni wati 15 hadi 20 hivi. Anayetaka mdundo wa daladala hulazimika kuongeza amplifaya, nayo huhitaji waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja. Waya huo ukichubuliwa na ukingo wa bati unapopita ukutani mwa injini, betri humwaga umeme wote hapo na gari huweza kuwaka moto; kwa hiyo fyuzi yake huwekwa karibu kabisa na betri, si karibu na amplifaya, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya na si kifaa. Hapa fundi makini alistahili malipo yake, kwani makosa ya redio huzima muziki, ilhali makosa ya amplifaya huweza kuangamiza gari.

Mabadiliko ya tatu yanaendelea hadi sasa, na yameigeuza redio kutoka chombo cha kujitegemea kuwa kiungo cha mwili wa gari. Mfumo wa mawasiliano uitwao CAN, uliotangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986, huwezesha kompyuta nyingi za gari kuzungumza kupitia jozi moja ya nyaya, na katika magari mengi ya karne hii vitufe vya usukani, kamera ya nyuma, hata vipimo vya kiyoyozi hupitia kwenye skrini ileile ya redio. Kuiondoa skrini hiyo ni kuondoa vitu vyote vinavyoitegemea. Karibu na usukani zipo pia nyaya za mifuko ya hewa, inayofumuka kumkinga dereva katika ajali. Plagi zake huwa za njano, na Toyota huelekeza betri ikatwe kisha fundi asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuzigusa. Katika magari yenye injini na mota ya umeme kwa pamoja, kama Prius, nyaya za rangi ya chungwa hubeba zaidi ya volti 100 na haziguswi kabisa na mfungaji wa redio. Isitoshe, redio nyingine za Kijapani hujifunga betri inapokatwa na kudai namba ya siri, kwa maandishi ambayo mwenye gari hawezi kuyasoma.

Hali hiyo imewagawa mafundi wenyewe. Balbu ya kupimia, iliyotosha katika miaka ya 1980, huvuta umeme wa kutosha kudhuru saketi tete za kompyuta, na kwa hiyo fundi anayestahili kuaminiwa leo hutumia mita ya kidijitali, huulizia plagi ya kuunganishia kabla ya kushika mkasi, na huunganisha nyaya zake kwa kubana au kulehemu. Kwa upande mwingine, kijana mwenye simu huweza kutazama jinsi dashibodi ya gari la aina yake inavyofunguliwa, klipu kwa klipu, na kuagiza fremu na plagi zinazolifaa gari hilo hasa. Hivyo elimu iliyokuwa siri ya fundi imeenea, wakati huo huo gari likizidi kufungwa.

Kwa kuyatazama yote hayo, inaonekana kwamba kigezo kilichodumu si ugumu wa kazi wala bei yake, bali ulazima wa kukata waya. Redio mpya inayochomekwa kwenye plagi ya kiwandani, au spika za mlango zinazobadilishwa kwa ukubwa uleule, ni kazi ambayo mwenye gari mtulivu anaweza kuimaliza na pengine kuimaliza vizuri kuliko fundi mwenye haraka, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi na matokeo yake. Pale waya wa kiwandani unapolazimika kukatwa, umeme unapochukuliwa upya kutoka kwenye betri, au kompyuta ya gari inapoguswa, malipo ya fundi hununua jambo lingine kuliko ustadi: hununua mtu anayejulikana alipo, atakayerudi gari likigoma. Wenye magari wengi wa leo wamefika kwenye mgawanyo ambao kizazi cha awali hakikuwa nao, ambapo mwenyewe huchagua redio, hutafuta plagi na fremu zinazofaa na kubadilisha kilicho rahisi, kisha humwita fundi kwa sehemu ile tu inayohitaji fundi. Mgawanyo huo hupunguza gharama, lakini faida yake kubwa zaidi ni kwamba fundi anapoanza kazi hukuta mbele yake mtu anayefahamu kinachofanyika kwenye gari lake.