Puri za Nyaramba

Sisi tuliotoka pwani tukahamia Nyaramba, penye baridi na mashamba ya chai, tumeona kuwa ugeni huanzia jikoni. Wanetu wamezoea wimbi na chinsaga, nazo ni neema ya Mungu. Hata hivyo, kila Ijumaa asubuhi sisi hukanda ata kwa chumvi, samli na maji kidogo, bila hamira, donge likaze kuliko la chapati. Mafuta yakichemka barabara, maji yaliyomo hugeuka mvuke, puri ikafura; yakiwa vuguvugu, hulala bapa ikayanywa. Sahani ya kwanza ni ya jirani. Bibi yao ametangulia mbele ya haki. Wajukuu wasiomwona humjua kwa puri hizi.