Kofia ya Javier Valdez

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwandishi wa habari atumwaye kuripoti vita vya nchi ya mbali huwa ana kwao pa kurejea kazi ikiisha. Anayeripoti vita vya mihadarati katika mji aliozaliwa hana pa kurejea, maadamu nyumbani ndiko vitani. Ndivyo alivyoishi Javier Valdez Cárdenas, mwanahabari aliyezaliwa mwaka wa 1967 huko Culiacán, mji mkuu wa jimbo la Sinaloa, nchini Meksiko.

Mwaka wa 2003, yeye na wenzake, akiwemo Ismael Bojórquez, waliasisi gazeti la kila wiki liitwalo Ríodoce. Mnamo Desemba 2006, Rais Felipe Calderón aliwatuma wanajeshi kuyakabili magenge ya walanguzi, na badala ya kupungua, mauaji yakashamiri. Aghalabu magazeti yaliishia kuhesabu maiti. Valdez hakuridhika na hesabu. Katika safu yake ya Malayerba, jina linaloweza kufasiriwa kuwa ‘gugu’, alisimulia habari za akina mama waliowatafuta watoto wao waliotekwa nyara, mayatima, na vijana wadogo waliokodiwa kuua. Majina aliyaficha. Msomaji wa fasihi ataitambua mbinu hiyo mara moja. Ila kwa Valdez haikuwa pambo la usimulizi bali ngao, yake na ya waliomsimulia.

Ngao hiyo ilikuwa nyembamba. Septemba 2009, guruneti lilirushwa katika ofisi za Ríodoce, ingawa hakuna aliyeumia. Alipotuzwa jijini New York mwaka wa 2011 kwa kutetea uhuru wa vyombo vya habari, alieleza kwamba kuandika habari Culiacán ni kutembea juu ya mstari usioonekana, mstari uliochorwa na waovu walio katika magenge na walio serikalini pia. Baadaye alionya kuwa walanguzi walikuwa wamepenyeza watu wao hata katika vyumba vya habari. Mtu afanyeje basi, ikiwa anayeketi meza ya pili ndiye anayepeleka maneno?

Mwaka wa 2017 mstari ule ulisogea. Mnamo Januari, Joaquín Guzmán, mlanguzi aliyejulikana kwa lakabu ya El Chapo, alikabidhiwa Marekani, na wanawe wakaingia katika mapigano na mshirika wake wa zamani, Dámaso López. Mwezi uliofuata, Ríodoce ilichapisha mahojiano na López. Mahasimu wake hawakutaka maneno hayo yasomwe. Nakala za toleo hilo zilinunuliwa kwa wingi ili zisiwafikie wasomaji.

Hapa ndipo penye utata. Je, kumpa mlanguzi nafasi ya kusema ni kuripoti vita au ni kuingia vitani? Katika nchi tulivu, swali hili lingejadiliwa darasani kwa raha zote. Kwa hakika habari ile ilikuwa muhimu kwa wakazi waliokuwa wakilala kwa milio ya risasi bila kujua nani anapigana na nani. Hata hivyo, genge haliulizi kama habari ni ya kweli; huuliza imemfaa nani.

Tarehe 23 Machi mwaka huo, Miroslava Breach, aliyeripotia gazeti la La Jornada kama Valdez, aliuawa kwa risasi mjini Chihuahua. Gazeti jingine alilolifanyia kazi, Norte la Ciudad Juárez, liliwaaga wasomaji wake mwezi wa Aprili na kuacha kuchapishwa, mmiliki akisema hapakuwa tena na usalama wa kufanya kazi hiyo. Valdez aliandika kwenye mtandao kwamba ikiwa adhabu ya kuripoti jehanamu hiyo ni kifo, basi na wauawe wote, kunyamaza, hapana. Fauka ya hayo, alijua yumo hatarini, na suala la yeye kuuhama mji lilizungumzwa. Hakuhama.

Adhuhuri ya Mei 15, 2017, alitoka ofisini akiendesha gari lake. Hakufika mbali. Watu wenye silaha walimsimamisha, wakamtoa garini na kumpiga risasi kumi na mbili, kisha wakaondoka na gari, simu na kompyuta yake. Ríodoce, jina la gazeti lake, maana yake ni ‘mto kumi na mbili’. Alilala katikati ya barabara, ile kofia yake iliyojulikana mji mzima ikiwa imemfunika uso.

Watu wawili walihukumiwa kwa mauaji hayo, mmoja mwaka wa 2020 na mwingine 2021. Bojórquez naye alijihukumu mapema zaidi. Alisema waliyafanya makosa mawili: kuyachapisha mahojiano yale, na kutomlazimisha Javier kuondoka. Kisha akarudi mezani kuhariri toleo lililofuata.