Umepasuliwa, kovu limefunga, mbona tumbo halitulii?

Neno tumbo limebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji atakuambia alipasuliwa tumbo. Aliyetolewa kidole tumbo naye atasema vivyo hivyo, na aliyejisokota matumbo pia. Leo nataka tuzungumze kuhusu kundi moja tu: wale waliopasuliwa ule mfuko wenyewe unaopokea chakula, aghalabu kwa sababu ya vidonda vya tumbo au saratani. Nyuzi zimetolewa, kovu limefunga, wameambiwa wamepona, lakini kila wakila hawana raha.

Shangazi yangu wa Voi ni mmoja wao. Mnamo 2009 vidonda vilikuwa vimemziba mlango wa chini wa tumbo, hata akawa anatapika chakula alichokula jana yake. Madaktari waliondoa sehemu ya chini ya tumbo, kisha wakaunga iliyobaki na utumbo mwembamba. Upasuaji wa jamii hii si mgeni. Theodor Billroth wa Vienna alimwondolea mgonjwa sehemu ya tumbo mwaka 1881. Kwa shangazi uliokoa maisha, na hilo silibishi. Ila hakuna aliyemweleza kwamba njia ile mpya ya chakula ina ushuru wake.

Miezi michache baadaye akawa kioja katika karamu. Akinywa chai yenye sukari tele kwa mandazi mawili, nusu saa haiishi kabla moyo haujaanza kumdunda, jasho likamtiririka, tumbo likanguruma, naye akakimbilia msalani. Wakwe walinong'ona kwamba anadharau vyakula vya watu. Jirani mmoja alishikilia kuwa mkasi ulisahauliwa ndani. Katika zahanati aliyokuwa akienda alitibiwa taifodi mara tatu, na amiba sijui mara ngapi. Pesa zikaisha, dalili zikabaki. Alikonda hadi nguo zikawa zinamwelea, kisha akaanza kukiogopa chakula chenyewe.

Tumbo, msomaji, si gunia la kutia chakula tu. Mlango wake wa chini hufunguka kidogo kidogo, ukapitisha uji uliokwisha kusagwa kwa kiasi ambacho utumbo unaweza kukishughulikia. Mlango huo ukiondolewa au ukikwepwa, chakula huporomoka kwa pupa. Kikiwa kitamu sana, huvuta maji kutoka katika damu yakaingia utumboni. Ndiyo maana mtu huvimbiwa, moyo humwenda mbio, kichwa kikazunguka, na baadaye akaharisha. Wataalamu huiita hali hii dampingi.

Dampingi ina ndugu yake mdogo, ambaye hubisha hodi saa moja hadi tatu baada ya mlo. Sukari iliyoingia damuni kwa kishindo huufanya mwili umwage insulini kupita kiasi, nayo ikaishusha sukari mno. Mgonjwa hutetemeka, njaa ikamshika ghafla, akili ikamruka. Wengi hapo hukimbilia soda, na mzunguko ukaanza upya.

Kwa hiyo swali la kwanza la maana ni: yanakupata saa ngapi? Aliyemuuliza shangazi swali hilo alikuwa daktari wa upasuaji, na ilikuwa mwaka 2013, yaani miaka 4 ya mateso imepita. Alimtuma akanunue daftari la shule, akaandika kila alichokula, saa aliyokula, na saa mwili ulipomgeuka. Majuma mawili yakatosha.

Daftari kama hilo hutenganisha mengi. Mtu anayeshiba kwa vijiko vitatu na kutapika chakula cha jana, pengine mshono wake umekuwa mwembamba, au tumbo limelegea na halisukumi. Anayetapika maji machungu ya kijani, yamkini nyongo inapanda ndani ya tumbo. Maumivu yanayochoma baada ya mlo au usiku huweza kuwa kidonda kipya pale pale kwenye mshono, hasa kwa mvutaji wa sigara na kwa yule anayemeza diklofenaki au aspirini kwa ajili ya magoti. Gesi nyingi na choo chenye mafuta hutokana wakati mwingine na bakteria waliozaliana kwa wingi katika utumbo. Kuna pia waliokuwa wakinywa maziwa bila taabu, na baada ya upasuaji hayawakubali tena. Hilo ni pigo kwetu sisi watu wa chai ya maziwa.

Kovu la ndani nalo lisisahaulike. Matumbo huweza kugandamana baada ya upasuaji wowote wa fumbatio, hata miaka mingi baadaye. Ukiona msokoto mkali, tumbo limevimba, unatapika, wala choo wala upepo haupiti, usingoje kesho wala usinywe dawa ya kuharisha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa choo cheusi kama lami au kutapika damu. Na aliyepasuliwa miaka 15 au 20 iliyopita akaanza upya kukonda na kukosa hamu ya chakula, aombe kuchunguzwa tumbo kwa kamera, kwani saratani huweza kuota katika kipande kilichobaki.

Lililonisikitisha zaidi lilikuja polepole. Mwaka 2014 shangazi alilalamika kwamba hasikii ardhi anapotembea. "Mwanangu, ni kama nimevaa soksi nzito," aliniambia. Tumbo ndilo hutengeneza kitu kinachowezesha mwili kupokea vitamini B12. Likipunguzwa, mtu huishi kwa akiba iliyo katika ini, na akiba hiyo huweza kuchukua miaka kadhaa kwisha. Ikiisha, damu hupungua na mishipa ya fahamu ikaharibika, na si ganzi yote inayoondoka ikichelewa kutibiwa. Sindano anazo sasa, lakini vidole vya miguu havijarudi vyote. Kipimo cha damu cha mara kwa mara kingetosha kumwepushia hilo.

Kuhusu mlo, shangazi hula mara 6 kwa siku, kidogo kidogo, akitafuna kwa subira. Maji na chai huvinywa nusu saa baada ya chakula, si pamoja nacho. Sukari aliiaga. Mayai, samaki na maharagwe ndivyo vilivyoshika nafasi ya mandazi. Hakwepi karamu tena, ingawa hubeba kibuyu chake cha chai.

Siku hizi upasuaji wa vidonda ni haba kuliko zamani, kwa kuwa vingi hutibiwa kwa tembe tangu Barry Marshall na Robin Warren wamtambue bakteria Helicobacter pylori mnamo 1982. Ndiyo sababu nyingine ya kumwonyesha kila daktari barua uliyopewa ulipotoka wodini, inayotaja kilichokatwa na kilichoungwa. Ikiwa imepotea, rudi kwenye ofisi ya kumbukumbu ya hospitali uliyolazwa, ukiwa na mwaka wa upasuaji na jina ulilotumia wakati huo. Akina mama, kumbukeni kuuliza pia kwa jina la baba.