Fahali, Marekani na Udongo wa Ilesi

Pesa yangu ya kwanza ya uchoraji ilitoka kwa wenye fahali. Huko Shinyalu na Khayega, Kakamega, fahali akishinda pigano jina lake huvuma kuliko la mwenyewe, na mwenyewe hutaka picha yake ukutani kabla uzee haujamfika mnyama. Nilikuwa nikisimama kando ya uwanja asubuhi, ngoma za isukuti zikirindima, nikichora kwa makaa. Shingo ndiyo iliyonipa taabu, kwa kuwa nguvu zote za fahali zimekaa hapo.

Rangi za mafuta zilitoka Nairobi, na mshahara wangu wa ualimu haukuzimudu. Basi niliwamba kitambaa cha marekani kwenye fremu ya mbao, nikaipaka gundi na rangi nyeupe ya ukutani, kisha nikasaga udongo mwekundu wa Ilesi, kule kwa wafinyanzi wa vyungu, uwe rangi yangu. Mvua za Kakamega ni adui wa kazi hii: rangi hukawia kukauka, na kitambaa kisipopata hewa huota ukungu. Hata hivyo msitu wetu ulinilipa. Ukikaa chini ya miti yake mikubwa utaona kwamba kivuli kina buluu, kahawia, hata zambarau. Kijani cha tyubu peke yake hakifui dafu.

Mchana nilikuwa darasani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi ilitahiniwa shule za msingi, na wazazi walinunua rangi bila kunung'unika. Somo lilipoondolewa kwenye mtihani, vipindi vyangu vilipewa hisabati. Uchungu wake ninao mpaka leo.

Aliyenitia moyo ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa 1928, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alifundisha shule miaka mingi. Alipostaafu, rangi zikiwa ghali, alikata karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazibandika zikawa watu na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum, Harlem. Wengi husema miaka ya ualimu aliiacha sanaa. Nakataa katakata. Anayesahihisha michoro ya watoto kila siku hulinoa jicho lake kila siku.

Nami nimestaafu. Jumamosi wasichana wa jirani huja uani kwangu, na kila mmoja huanza na mkasi, gundi na pakiti tupu ya unga. Rangi watazipata baadaye. Shingo ya fahali wataijua kwanza.