Ndege wa Upanga: Je, Watazamaji Walipe Kiingilio?

Upanga ni mtaa wa watu wenye haraka. Wagonjwa wanakwenda Muhimbili, wanafunzi wanawahi shule, na daladala za Kariakoo hazimsubiri mtu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtaa huu una wageni wengine, wasiolipa nauli wala kodi ya nyumba. Hao ni ndege.

Mahali pazuri pa kuwaona ni karibu na Daraja la Salenda, Mto Msimbazi unapoingia baharini. Maji yakipwa, matope hubaki wazi, na ndege hushuka kula kaa wadogo na minyoo. Tumewaona yangeyange wamesimama kimya kama walinzi, na makundi ya vitwitwi wakikimbia huku na huku. Baadhi ya vitwitwi hao huzaliwa Siberia. Hufika kwetu mnamo Septemba na Oktoba wakikimbia baridi, na wengi huondoka Aprili. Hebu fikiri, mama msomaji: ndege anayeenea kiganjani anavuka mabara ili aje kula Upanga!

Kuwatazama ni bure. Hakuna lango wala tikiti. Lakini pia hakuna choo, na mto huleta chupa za plastiki kila mvua inaponyesha. Mama aliyekuja na watoto huangalia mkoba wake kuliko anavyoangalia ndege. Tena wapo kunguru weusi, ambao asili yao ni India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na kuwapunguza ni kazi ya gharama. Ndipo linapokuja swali: je, anayekuja kutazama ndege alipe?

Wenzetu wanafanyaje?

Nchini Marekani, tangu mwaka 1934, mwindaji wa bata mwitu hulazimika kununua stempu maalumu, na fedha zake hununua na kutunza ardhi oevu. Mtazamaji halazimiki, ingawa anafaidi ndege wale wale. Wapo wanaosema hiyo si haki. Wengine hujibu kwamba mwindaji huondoka na nyama, na mtazamaji huondoka mikono mitupu.

Kwetu Tanzania, mwindaji hulipia kibali, na katika hifadhi za taifa kila mgeni hulipa langoni, awe amefuata simba au chiriku. Raia na mgeni wa nje hulipa viwango tofauti. Watoto hulipa pungufu, na walio chini ya miaka mitano huingia bure.

Mfano unaotugusa zaidi sisi wanawake ni Msitu wa Karura, jijini Nairobi. Miaka ya 1990 ulikuwa ukinyemelewa na wanyakuzi wa ardhi, na mwanamke hakuthubutu kuingia peke yake. Wangari Maathai aliutetea, na mwaka 1999 alipigwa hadi kuumizwa. Baadaye ulizungushiwa uzio, wakawekwa walinzi, na kiingilio kidogo kikaanza kutozwa. Leo akina mama hutembea humo na watoto wao. Hata hivyo, mwaka 2025 ulizuka ubishi mkubwa: fedha za langoni zishikwe na nani? Kulipa ni jambo moja, na kujua fedha zinakwenda wapi ni jingine.

Swali linatujia

Tusidhani haya ni ya wengine. Bonde la Msimbazi, pale Jangwani kati ya Kariakoo, Upanga na Magomeni, lina mradi mkubwa wa kuzuia mafuriko. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa kazi hiyo. Familia nyingi zililipwa fidia na kuhama, na katika mpango huo imo bustani kubwa ya mji. Bustani hiyo ikiwa tayari, ndege watakuja wenyewe. Je, mtoto wa Kariakoo ataweza kuingia?

Kwa maoni yetu, mtu mzima mwenye uwezo alipe kidogo, na mtalii mwenye darubini alipe zaidi. Kitu kisicho na mtunzaji huharibika, na mtunzaji naye ana watoto wa kulisha. Lakini watoto waingie bure, na iwepo siku moja kwa wiki ambayo familia nzima haitozwi. Mama mwenye watoto wanne ameshalipa nauli. Akidaiwa tena langoni, atarudi nyumbani. Na mtoto ambaye hakuwahi kumtazama yangeyange, akikua hataona hasara mikoko ikikatwa. Juu ya hayo, mapato yabandikwe langoni kila mwezi, tujue yamefanya nini. Pasipo na mlinzi, choo wala usafi, asije mtu kutudai kiingilio, maana hatakuwa ametuuzia kitu.

Wakati tukingoja, tusikae bure. Chagueni Jumamosi ambayo maji yatakupwa asubuhi, mwende Salenda mkiwa kundi, na vitu vya thamani viacheni nyumbani. Chukueni maji ya kunywa, daftari la kuandika ndege mliowaona, na mfuko mmoja mtupu. Mkirudi, mfuko huo uwe umejaa chupa zilizookotwa pwani. Hicho ndicho kiingilio ambacho kila familia inakiweza leo.